Somo: Kupima maada giza kwenye galaksi hafifu

Habari wakuu. Leo tunapima maada giza, yaani maada isiyotoa mwanga ila inayojulikana kwa mvutano wake, kwenye galaksi ya Dragonfly 44, iliyomo kwenye kundi la galaksi la Coma, takriban miaka ya nuru milioni 330 kutoka hapa. Kwa upana inakaribiana na Njia ya Maziwa, ila mwanga wake ni takriban asilimia 1 tu ya ule wa kwetu.

Hatua ya 1: Ukubwa. Tafuta nusu kipenyo cha eneo linalobeba nusu ya mwanga wote. Hapa ni parseki 4,600 (parseki moja ni kama miaka ya nuru 3.26).

Hatua ya 2: Kasi. Kazi yenyewe iko hapa. Nyota mojamoja hazionekani vizuri kwa umbali huo, kwa hiyo tunachukua spektra ya galaksi nzima, yaani mwanga wake uliotawanywa katika rangi zake, wenye mistari myeusi. Nyota zinazotujia husogeza mistari myeusi upande wa bluu, zinazotukimbia upande wa nyekundu. Zikichanganyika, mstari unapanuka. Upana huo ndio unaotupa mtawanyiko wa kasi, yaani kasi za nyota zinatofautiana kiasi gani. Ondoa kwanza upana unaoletwa na chombo, la sivyo utaipa galaksi uzito isiokuwa nao. Mwaka 2016 mwanaastronomia Pieter van Dokkum na wenzake walikusanya mwanga kwa zaidi ya saa 33 kwa darubini ya Keck II, Hawaii, wakapata kilomita 47 kwa sekunde.

Hatua ya 3: Hesabu. Kasi × kasi × ukubwa × 700, yaani 47 × 47 × 4,600 × 700: ndani ya eneo la Hatua ya 1 kuna uzito wa Majua kama bilioni 7. Uzito wa nyota zote za galaksi hiyo ni kama wa Majua milioni 300 tu. Kinachobaki ni maada giza.

MASWALI

Mkuu, hiyo 700 umeitoa wapi?
Ni 3 ugawe kwa 0.0043, namba ya mvutano kwa vipimo hivi. Ile 3 ni kwa sababu tunaona mwendo wa upande mmoja tu kati ya pande tatu.

Kasi ikikosewa kidogo je?
Kosa linakua, maana kasi inazidishwa kwa yenyewe. Mwaka 2019 timu hiyohiyo ilipima upya ikapata 33. Uzito unashuka hadi bilioni 3.5! Maada giza bado ni nyingi, ila dai la 2016 kwamba galaksi hii nzima, pamoja na sehemu za nje ya eneo tulilopima, ina uzito sawa na Njia ya Maziwa lilidhoofika.

Na ile galaksi iliyosemwa haina maada giza?
NGC1052-DF2, mwaka 2018. Ugomvi wake ulikuwa umbali. Ukiisogeza karibu, uzito unaotokana na kasi hupungua sawa na umbali, lakini wa nyota hupungua kwa mraba wa umbali, hivyo maada giza inapata nafasi. Vipimo vya Hubble vya 2021 viliiweka mbali, kama miaka ya nuru milioni 72.