Jaribio linalojisahihisha kwenye Google Forms, bila mwanafunzi kuombwa akaunti

Google Forms, programu ya Google ya kutunga fomu za maswali mtandaoni, ni ya bure, hufunguka kwenye simu yoyote yenye kivinjari, na maswali ya kuchagua huyasahihisha yenyewe. Walimu wengi walioijaribu darasani wakaiacha hawakushindwa na kutunga maswali. Walishindwa katika dakika 5 za mwanzo za kipindi, nusu ya darasa ilipokutana na ukurasa unaodai kuingia kwa akaunti. Mwongozo huu ni wa jaribio fupi la maswali 10 kwa darasa la wanafunzi 40 hivi, baadhi yao wakipokezana kifaa kimoja, na wengi hawana barua pepe.

Vitufe nimevitaja kwa Kiswahili. Kama programu yako iko katika lugha nyingine, fuata mahali kitufe kilipo.

Hatua ya 1: Fungua fomu

Andika forms.new kwenye kivinjari. Fomu tupu itafunguka. Juu yake kuna vichupo vitatu: maswali, majibu, mipangilio. Ingia kwenye mipangilio, washa swichi ya kwanza inayoigeuza fomu kuwa jaribio. Tungia kwenye kompyuta ukiipata. Kwenye simu inawezekana, ila vitufe vidogo vitakumaliza.

Hatua ya 2: Weka alama kabla ya kutunga chochote

Kila swali jipya huzaliwa na alama 0. Ukisahau, mwanafunzi aliyepata yote atasoma 0 kati ya 0. Kwenye mipangilio, chini ya ile swichi ya jaribio, tafuta sehemu ya chaguo-msingi za jaribio, weka alama 1 kwa kila swali jipya. Kuanzia hapo maswali ya utambulisho nayo yatazaliwa na alama 1, kwa hiyo yarudishe kwenye 0 kwa mkono, la sivyo jaribio la alama 10 litakuwa la alama 12 na hakuna atakayefika 12.

Hatua ya 3: Utambulisho

Usiwaandikishe majina. Mtoto mmoja ataandika jina moja leo, matatu kesho, na kupanga matokeo kutakula muda ule ule uliotaka kuuokoa. Tumia namba ya mwanafunzi kwenye daftari la mahudhurio: swali la jibu fupi, la lazima, kisha bonyeza nukta tatu chini ya swali na uwashe uthibitishaji wa jibu. Chagua namba, kati ya 1 na 40. Anayeandika 400 atakataliwa hapo hapo. Mkondo wa darasa uwe orodha ya kushuka, si wa kuandika.

Zipo fomu zenye orodha ya majina yote ya darasa ili mtoto achague lake. Ni rahisi, lakini yeyote atakayepata linki ataiona orodha nzima. Namba inatosha.

Hatua ya 4: Maswali

Kwa kila swali bonyeza ufunguo wa jibu ulio chini kushoto, chagua jibu sahihi. Kwenye nukta tatu washa kuchanganya mpangilio wa chaguo, isipokuwa pale ulipoandika “yote hapo juu”, maana likichanganywa linaweza kuwa la kwanza. Afadhali usiliandike kabisa.

Maswali ya visanduku, ambayo mwanafunzi huchagua majibu zaidi ya moja, husahihishwa kwa yote au hakuna. Aliyepata mawili kati ya matatu hupata 0 sawa na aliyekosa yote. Kama hiyo si haki kwa somo lako, livunje swali hilo liwe maswali matatu ya kweli au si kweli.

Majibu mafupi ndiyo yenye mtego. Programu hulinganisha jibu na ulichoandika kwenye ufunguo, haielewi maana. Ukiuliza mmea hutengeneza chakula kwa mchakato gani, weka kwenye ufunguo “usanisinuru”, “Usanisinuru”, “usanisi nuru” na “Usanisi nuru”. Kibodi za simu hukuza herufi ya kwanza zenyewe, kwa hiyo umbo la herufi kubwa si la kusahau. Kwenye hesabu, nusu inaweza kuja kama 0.5, 1/2 au 0,5. Andika ndani ya swali lenyewe: “Jibu kwa desimali, bila kizio.” Hapo 5, 5m na “mita 5” hazitakusumbua.

Kuna wanaotumia uthibitishaji wa jibu kulazimisha jibu sahihi, yaani fomu ikatae chochote kisicho 0.5. Usifanye hivyo kwenye jaribio. Mwanafunzi atabahatisha hadi fomu inyamaze, na ukimya huo umemwambia jibu.

Hatua ya 5: Mipangilio inayodai akaunti

Hapa ndipo saa hupotea. Hakuna swichi moja iliyoandikwa “lazimisha kuingia”. Ziko sehemu tano tofauti, kila moja kwa sababu yake, na moja tu ikiwa imewashwa inatosha kumzuia mtoto asiye na akaunti.

Ya kwanza ni aina ya akaunti yako wewe. Ukitungia kwenye akaunti iliyotolewa na shule, fomu inaweza kuzaliwa imefungwa kwa watu wa shule hiyo pekee. Wewe unaifungua bila tatizo kwa sababu umo ndani, lakini mtoto anayetumia simu ya mzazi anaambiwa hana ruhusa. Tafuta mahali pa kuchagua wanaoweza kujibu, weka yeyote mwenye linki. Kama chaguo hilo halipo, msimamizi wa akaunti za shule amelizuia, na utabadilisha swichi zote bila mafanikio. Muulize yeye kwanza.

Ya pili ni kikomo cha jibu moja kwa kila mtu. Inavutia, kwa sababu unataka kila mtoto ajibu mara moja. Lakini programu humtambua mtu kwa akaunti tu, kwa hiyo itadai akaunti, na wawili wanaotumia simu moja, wa pili atafungiwa mlango. Izime. Aliyejibu mara mbili utamwona kwa namba yake. Chukua jibu lenye muda wa mapema.

Ya tatu ni kukusanya barua pepe. Kuna namna mbili: iliyothibitishwa, ambayo hudai akaunti, na ya kujiandikia, ambayo haidai akaunti ila inataka mtoto awe na anwani. Zima kabisa.

Ya nne ni swali la kupakia faili. Ukiliweka hata moja, fomu nzima inadai akaunti. Kama unataka picha ya mchoro waliochora, ikusanye kwa njia nyingine.

Ya tano imejificha zaidi, na ndiyo inayowarudisha watu mwanzo baada ya kuzima zile nne. Ni wakati wa kutoa alama. Mwalimu makini huchagua alama zitolewe baadaye, baada ya yeye kupitia, ili aliyemaliza mapema asiwaambie wenzake majibu. Sababu ni nzuri, lakini alama hizo hutumwa kwa barua pepe, na chaguo hilo huwasha ukusanyaji wa barua pepe uliodhani umeuzima. Kwa hiyo chagua alama zitolewe papo hapo, kisha zima swichi tatu zilizo chini yake: maswali aliyokosa, majibu sahihi, na thamani ya alama. Mwanafunzi atatuma na asione cha kumnong'onezea jirani. Matokeo utayatoa wewe.

Ukibadilisha mpangilio mmoja, rudi uikague yote mitano.

Hatua ya 6: Ijaribu kama mgeni

Kwenye matoleo ya sasa kuna kitufe cha kuchapisha. Bila kukibonyeza, fomu haipokei majibu. Chapisha, nakili linki ya kujibu, ifungue kwenye dirisha fiche la kivinjari. Usiifungue kwenye dirisha ulilotungia, kwa sababu hapo umeshaingia na kila kitu kitaonekana sawa. Jibu maswali yote, moja kwa makusudi vibaya, utume, uone alama kwenye kichupo cha majibu. Kisha futa jibu hilo.

Hatua ya 7: Sambaza

Usinakili linki iliyo kwenye upau wa anwani. Hiyo huishia na “edit”, ni ya kuhariri. Wasio na ruhusa wataombwa kuomba ruhusa, na kama uliwahi kuifungua fomu kwa yeyote mwenye linki kuhariri, watauona ufunguo wa majibu. Linki sahihi hutoka kwenye kitufe cha kunakili linki ya kujibu. Tiki ufupisho, itaanza na forms.gle. Iandike ubaoni kwa maandishi makubwa yenye nafasi, herufi kwa herufi kama ilivyo, kwa sababu herufi kubwa na ndogo kwenye linki hiyo si sawa, na l na I hufanana. Msimbo wa QR uliochapishwa kwenye karatasi mbili tatu ni bora kuliko ubao.

Kwa wanaopokezana kifaa, washa linki ya kutuma jibu jingine. Wa pili ataanza upya bila kuandika anwani.

Hatua ya 8: Funga na usahihishe

Muda ukiisha, zima upokeaji wa majibu. Forms yenyewe haina saa ya kuhesabu kurudi nyuma. Tumia saa ya ukutani.

Fungua kwanza muhtasari: wastani, na orodha ya maswali yaliyokosewa na wengi. Hayo ndiyo ya kurudia ubaoni siku hiyo hiyo. Kisha pitia majibu mafupi kwa kichupo cha swali, si cha mwanafunzi mmoja mmoja. Programu huweka pamoja majibu yanayofanana, kwa hiyo kama 6 wameandika umbo ambalo hukulifikiria, unalikubali mara moja kwa wote 6.

Unganisha fomu na Google Sheets, lahajedwali ya Google, upange majibu kwa namba ya mwanafunzi. Ukifuta safu mlalo kwenye lahajedwali, jibu linabaki kwenye fomu na kwenye wastani; la kurudia lifute pande zote mbili.

Kwa mkondo wa pili tengeneza nakala ya fomu badala ya kutumia ile ile. Nakala haibebi majibu ya zamani. Kabla ya kuisambaza, ifungue tena kwenye dirisha fiche.