Kabla hujaingia msituni na skii huko Hodlekve

Asubuhi ya Februari unaweza kuondoka mjini Sogndal mvua ikinyesha, ukapanda mlima kwa gari kama dakika 20 hadi Hodlekve, kituo cha kuteleza kwenye theluji, ukakuta theluji ya magotini. Sogndal uko kwenye tawi la Sognefjord, fiodi (mkono wa bahari ulioingia katikati ya milima) ndefu kuliko zote Norwei, kilomita 205. Upepo wa Atlantiki huja umebeba unyevu, ukigonga milima hupanda na kupoa, na unyevu ule hudondoka: chini mvua, juu theluji laini kama unga. Unga huo, ukiwa umetulia katikati ya miti, ndio unaowavuta watu wa skii, zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa kwenye viatu ili kuteleza juu ya theluji.

Unayetoka Afrika Mashariki anza na viza ya Schengen, inayotumika Norwei na nchi nyingine nyingi za Ulaya. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Soma masharti ya bima hiyo mstari kwa mstari, kwa sababu nyingi hulipia ajali za kwenye njia za skii zilizosawazishwa kwa mashine tu, na msitu haumo. Nisingechagua Desemba. Mwishoni mwa mwezi huo mwanga wa mchana haudumu zaidi ya saa sita kwa siku; Machi mwanga upo wa kutosha na theluji bado ipo.

Kutoka mji wa Bergen, pwani ya magharibi, kwa gari ni mwendo wa kama saa nne, ukipitia handaki la Lærdal lenye kilomita 24.5, kisha kivuko. Kama hujawahi kuendesha juu ya barafu, panda basi.

Mavazi yana kanuni moja: pamba iache nyumbani. Pamba hufyonza jasho na kulishikilia, nawe utatetemeka ukisubiri lifti ya kukupandisha mlimani. Vaa sufu mwilini, kitu cha joto juu yake, na koti lisilopitisha maji. Chukua glavu za akiba. Usiache mafuta ya kukinga jua hata kama ngozi yako ni nyeusi, kwani theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi inayounguza. Skii, viatu na helmeti kodi hukohuko, na viatu vijaribu kwa utulivu, maana kiatu kinachobana huharibu siku nzima.

Sasa msitu wenyewe, ambao ndio ninaotaka uuchukulie kwa uzito. Jifunze kwanza na mwalimu kwenye njia zilizosawazishwa, hadi uweze kusimama mahali unapotaka, siyo mahali mlima unapotaka. Kwenye unga mzito skii huzama na kugeuka kwa uzito, na miti haikupishi.

Wengi hudhani miti huzuia maporomoko ya theluji. Msitu wa miti iliyoachana hauzuii, na poromoko linaloanzia juu, kwenye mteremko mtupu, huingia msituni na kuzoa kilichomo. Mteremko wenye mwinamo wa nyuzi 30 au zaidi unaweza kuporomoka. Kila asubuhi fungua tovuti ya Varsom, inayotoa tahadhari za maporomoko ya theluji Norwei, tazama eneo la Indre Sogn, ambamo Sogndal imo. Hatari hupangwa kuanzia 1 hadi 5. Usiione 3 kuwa ya katikati ukajipa moyo: maana yake hatari si ya kupuuzwa, na mgeni abaki kwenye njia zilizosawazishwa.

Nje ya njia hizo, kila mmoja abebe vitu vitatu: kifaa cha mawimbi kinachomwonyesha aliyefukiwa yuko wapi, ufito mrefu wa kuchomea theluji, na koleo. Vikae mwilini na mgongoni, visibaki garini, na mfanye mazoezi kabla. Aliyefukiwa huokolewa na wenzake katika dakika 10 hadi 15 za mwanzo. Helikopta mara nyingi hufika baadaye. Simu iweke mbali na kifaa hicho kwa sababu huvuruga mawimbi yake, lakini iwe ndani ya koti, baridi isimalize chaji. Namba ya dharura ya matibabu ni 113.

Hatari nyingine haina kishindo. Chini ya msonobari wenye matawi mazito theluji huacha shimo kuzunguka shina, na anayetumbukia kichwa mbele hawezi kujitoa. Kwa hiyo msishuke wote kwa pamoja mkapotezana. Shukeni kwa vipande vifupi, mkiitana. Usiposikia sauti ya mwenzako, simama, ita tena. Asipoitika, panda ufuate alama za skii zake mara moja.