Kukuza akili hisia kazini: mwongozo kwa makarani wa mizani na wasimamizi wao

Akili hisia ni uwezo wa kutambua hisia zako na za wenzako, kuelewa chanzo chake na kuziongoza ili zisiharibu kazi. Wanasaikolojia wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliifafanua mwaka 1990, na mwaka 1997 Mayer na Salovey wakaigawa katika stadi nne: kutambua hisia, kuzitumia katika kufikiri, kuzielewa na kuzidhibiti. Mimi nasimamia makarani katika vituo vya kupokelea majani mabichi ya chai hapa Rungwe, na naamini kwa dhati kwamba stadi hizo hujengwa mbele ya mizani kuliko darasani.

Hatua ya kwanza: jitambue kabla ya kupima. Kusema “nina hasira” hakutoshi ikiwa kinachokusumbua hasa ni usingizi, au hofu kwamba lori litachelewa na majani yataharibika kabla ya kufika kiwandani.

Hatua ya pili: msome aliye mbele yako. Hapa ndipo pagumu, na ndipo ninapowashikilia makarani wapya kwa muda mrefu zaidi. Siku za mvua majani huja yamelowa, na karani hulazimika kupunguza uzito wa maji na wa mfuko. Mama aliyechuma tangu asubuhi anaposikia kilo zake zimepungua, mara nyingi hapazi sauti. Hunyamaza, akaacha kutazama mizani na kuanza kumtazama karani. Wengi hudhani amekubali. Mimi huwaambia wasimamishe kazi papo hapo, hata foleni iwe ndefu, kwa kuwa kinyongo kinachoondoka kituoni bila kusemwa hurudi kesho yake kikiwa tuhuma ya wizi.

Hatua ya tatu: itaje hisia kwanza, kanuni ifuate. “Mama, naona mapunguzo haya yamekuumiza. Tupime upya, nawe usome mwenyewe.” Kisha nyamaza mpaka amalize yake, ndipo ueleze hesabu. Kumwelewa si kumwongezea kilo: mizani ikithibitisha, namba ibaki ilivyo. Lakini ikiwa umekosea, sahihisha risiti palepale na uombe radhi mbele ya walewale waliosikia, kwani maneno laini hayafidii kilo zilizopotea.

Hatua ya nne: pitieni tukio moja kila siku. Lori likishaondoka, msimamizi na karani wakae faraghani, waandike kilichotokea, karani alihisi nini, alijibu nini, na angejibu vipi kama angepata nafasi nyingine. Msimamizi asikilize kabla ya kusahihisha, kwa namna ileile anayotaka karani amsikilize mkulima. Daftari hilo lisitumike kumwadhibu mtu. Likitumika hivyo hata mara moja, karani ataanza kuandika yale anayodhani unataka kuyasoma.