Kabla ya kupanda treni ya TAZARA Mbeya: mambo ya kuzingatia

Kule Wales kuna reli ya Talyllyn, iliyojengwa kusafirisha mawe ya kuezekea nyumba, na tangu 1951 watu wa kujitolea ndio wanaoiendesha. Mgeni akifika anapokelewa na mtu wa kumweleza kila kitu. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hakuna reli ya namna hiyo. Tuna TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na hiyo bado iko kazini. Usipojiandaa utapita juu ya historia kubwa ya nchi hii ukiwa umesinzia.

Anza kwa kuhakikisha kama treni ya abiria ipo. Nenda mwenyewe stesheni ya Mbeya, pale kando ya barabara kuu ya Tunduma, siku moja au mbili kabla, kisha uulize tena asubuhi ya safari. Ratiba uliyoambiwa mwaka jana usiitegemee. Njia ni moja tu, kwa hiyo treni husubiri stesheni mpaka nyingine ipite, na ikichelewa moja huchelewesha nyingine. Jioni hiyo usiahidi kikao wala harusi.

Kwa mtu wa siku moja, napendekeza uende kwa treni mpaka Makambako, urudi kwa basi. Mapema tu utapita Uyole, sehemu ya juu kuliko zote katika reli nzima, karibu mita 1,790 kutoka usawa wa bahari. Baada ya hapo milima inabaki kulia kwako, na kushoto linafunguka bonde la Usangu na mashamba yake ya mpunga. Mwenye siku mbili aendelee kuteremka kutoka Makambako mpaka Mlimba. Huko ndiko wajenzi walikotoka jasho hasa: mengi ya mahandaki 22 ya reli hii yako kipande hicho, na daraja la Mpanga linasimama juu ya nguzo ndefu za karibu mita 50. Handaki likikaribia funga dirisha, moshi wa dizeli usiwajae ndani. Mlimba iko chini bondeni, kuna joto na mbu. Beba dawa ya kujipaka.

Mavazi msiyachukulie poa. Juni na Julai baridi ya Mbeya na upepo wa Makambako vinajulikana, na treni ikichelewa mtaisubiri gizani. Sweta, kitenge kizito, tochi, maji, karatasi za chooni. Chakula si shida sana, ila uwe na hela ndogondogo, maana mama anayeuza mahindi ya kuchemsha dirishani hana muda wa kutafuta chenji ya elfu kumi wakati behewa limeanza kusogea.

Kuhusu picha, muombe ruhusa mkuu wa stesheni kwanza, hasa kwa madaraja na mitambo. Watoto wasikae mlangoni.

Sasa maandalizi ninayoyathamini kuliko yote: jisomee kabla. Walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya sasa, ambako shaba ya Zambia ilipitia, walipojitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilibaki bila njia salama ya kuifikisha baharini. Nchi za Magharibi zilisema reli hii haitalipa. China ikatoa mkopo usio na riba, ujenzi ukaanza 1970, na mwaka 1976 reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia ikakabidhiwa. Watu waliiita Reli ya Uhuru, na kwa haki kabisa. Ukiwa stesheni, angalia mataruma ya zege yaliyolala chini ya vyuma vyake na ukumbuke kuwa kila moja lililazwa na vijana wa Kitanzania, Kizambia na Kichina, na wengine wao walifia kazini, hawakurudi makwao.

Wako wazee wetu waliofanya kazi hiyo, na wengine waliostaafu hapahapa relini. Ulizia mtaani Iyunga, hapo Mbeya, ulizia kanisani au msikitini. Ukimpata mmoja mwenye nguvu za kusafiri, mkatie tiketi mwende naye, akae dirishani, na watoto wakae karibu yake wamsikilize. Daftari liwepo, na simu iwe na chaji ya kutosha kurekodi akikubali. Kwenye stesheni ndogo ngazi ya behewa huwa juu sana kutoka ardhini, kwa hiyo kijana mmoja atangulie kushuka ampokee.