Ukienda kuona shamba la kahawa Bukoba, kaa zaidi kwenye chanja

Ukiwa Mwanza na unataka kujua kahawa inavyotengenezwa, vuka ziwa kwenda Bukoba kati ya Juni na Agosti, robusta, aina ya kahawa ya huko, ikiwa inachumwa. Mashamba mengi ni madogo, mibuni imechanganywa na migomba nyuma ya nyumba.

Omba kuchuma mwenyewe. Chuma punje nyekundu tu, moja moja. Ukikamua tawi zima unabeba na mbichi, na hizo huharibu ladha ya kikombe kizima. Kisha mimina mavuno kwenye ndoo ya maji: zinazoelea zina wadudu au ni tupu, zitenge.

Kwenye chanja, yaani meza ya kuanikia, ndiko kahawa nyingi nzuri inapoharibikia, kwa hiyo usipite haraka. Robusta ya huku huanikwa na ganda lake kwa wiki mbili hadi tatu. Tandaza tabaka jembamba, sentimita 3 au 4, ugeuze mara kadhaa kwa siku. Likiwa nene, joto na unyevu hubaki katikati na ukungu unaingia. Jioni funika kwa turubai, maana mvua ya ziwani haibishi hodi. Kuanika chini kwenye udongo kunaipa kahawa harufu ya vumbi isiyotoka hata ukiikaanga.

Chukua punje chache, zitikise karibu na sikio: zikilia kwa ndani, zimekaribia kukauka. Kipimo cha mwisho ni mashine ya kupima unyevu: usizidi asilimia 12 au 13, ndipo kahawa ikobolewe.