Shilingi, Chumvi na Jerikani: Maarifa ya Jamii Yaanzie Jikoni

Nafundisha watoto wa miaka mitano hadi saba hapa Jinja, Uganda. Wengi hufika wakikariri majina ya wilaya, lakini ukiwauliza maji ya nyumbani yanatoka wapi, wananyamaza. Mzazi mwenzangu, ukitaka kumfundisha mtoto maarifa ya jamii nyumbani, anza hivi.

1. Toa sarafu nne za shilingi ya Uganda: 50, 100, 200 na 500. Kaa karibu na mtoto asije akazitia mdomoni. Usieleze kitu, mwache azigeuzegeuze. Ataona swala, ng'ombe wa pembe ndefu, samaki, kisha korongo. Ndipo uulize: ng'ombe huyu hufugwa na nani? Mwenye babu kule Ankole, kwa wafugaji wa ng'ombe hawa, hujibu kabla hujamaliza. Samaki tunamvua wapi? Korongo umemwona wapi tena? Mpeleke kwenye bendera, ile iliyopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962.

2. Mwonjeshe chumvi. Mwambie kuna ziwa Katwe, kule Kasese, ambako watu huchimba vidimbwi ufukweni, jua likakausha maji, chumvi ikabaki. Asikuamini hivihivi: koroga chumvi kwenye maji, mimina kidogo kwenye sahani na uiweke juani. Maji yakikauka atagusa chembe nyeupe kwa kidole chake. Hapo taja mikono yote: mchimbaji, mbebaji, dereva, mwenye duka, mama. Kisha someni pakiti ya nyumbani. Ikiandikwa Kenya, mmefika kwa jirani, na hapo ndipo mtoto huuliza mpaka ni nini. Usiharakishe hatua hii. Mimi huipa wiki nzima.

3. Nendeni kuchota maji, yeye na kijijerikani cha lita tano kisichojaa. Mkirudi, mwaga majivu uani, achore kwa kidole nyumba, bomba, duka, msikiti au kanisa. Hiyo ndiyo ramani yake ya kwanza. Muulize pia: kwa nini dada ndiye anayetumwa maji kila siku? Swali hili ni la maarifa ya jamii kuliko yote, na kaka zake walisikie.

4. Kama jajja (babu au bibi) ana lubugo, mwombe alitoe. Ni gome la mti wa mutuba lililopondwa kwa nyundo za mbao hadi likawa nguo. Mwache jajja aeleze, wewe sikiliza.

5. Sasa mtoto achague kitu mwenyewe. Mwanafunzi wangu mmoja alileta ufagio. Sikujua aliyeufunga, kwa hiyo Jumamosi tukaenda sokoni kumtafuta.