Kujenga tovuti ya mashindano shuleni: kuanzia daftarini hadi hewani

Timu ya wanafunzi ikipata tangazo la mashindano ya tovuti, kwa kawaida hubishania kwanza rangi ya ukurasa wa mbele, kisha nani awe kiongozi. Nimekuwa mlezi wa klabu ya kompyuta katika shule ya sekondari mkoani Tanga kwa muda wa kutosha kujua kwamba mabishano hayo yanaweza kusubiri wiki mbili bila hasara yoyote. Kinachotangulia ni kusoma vigezo vya mashindano neno kwa neno, kwa kuwa majaji hutoa alama kwa kuvifuata vigezo hivyo, hata kama tovuti inametameta kiasi gani. Katika CyberFair, mashindano ya kimataifa ya shule yaliyoanza mwaka 1996, timu zilipewa pia kazi ya kukagua tovuti za wenzao, na utaratibu huo nimeuiga klabuni: kabla ya kujenga chochote, kila timu hupewa tovuti ya zamani ili iitolee alama. Mwanafunzi aliyehangaika nusu saa akitafuta chanzo cha habari katika tovuti ya wengine hahitaji kuhubiriwa umuhimu wa kukiweka katika ya kwake.

Mada iwe ndogo, tena ya mahali mnapoweza kufika kwa miguu au kwa daladala. Ukichagua "utalii nchini Tanzania" utaishia kunakili yaliyokwisha kuandikwa na wengine, ilhali ukichagua maisha ya wakata mkonge katika shamba lililo jirani na shule, utakuwa na jambo ambalo jaji hajalisoma. Vitabu vitakupa historia ya jumla, kwamba Dk. Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893 na kwamba ni 62 tu iliyonusurika safari, na hayo yanafaa kuwa aya moja ya utangulizi. Kiini cha tovuti kitoke kwa mzee aliyefika shambani akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, akaeleza jinsi kipande chake, ile kadi ya kazi, kilivyotiwa alama kila alipomaliza kazi ya siku, na jinsi singa, yaani nyuzi za mkonge, zilivyotoka mbichi kwenye korona, mashine ya kukamua majani ya mkonge, zikapelekwa kuanikwa.

Kwa mzee huyo nendeni wawili, mmoja aulize na mwingine arekodi na kuandika. Baada ya shikamoo na kueleza mmetoka shule gani, ombeni ruhusa tatu zilizo mbalimbali: ya kurekodi sauti, ya kupiga picha, na ya kuviweka vyote kwenye intaneti. Mzee anaweza kukubali picha akidhani itabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, kisha akashangaa kusikia kwamba mjukuu wake aliye Muscat ameiona. Mkimaliza kuandika, rudini mkamsomee, kwani mara nyingi hapo ndipo hukumbuka jambo alilolisahau siku ya kwanza.

Sasa chukueni karatasi ya manila mchore kurasa zote na mishale ya viungo kati yake. Kurasa saba zilizokamilika zinatosha; ukurasa ulioandikwa "unakuja hivi karibuni" hupunguza alama kuliko ukurasa usiokuwapo.

Ujenzi wenyewe hauhitaji intaneti, na katika shule ambayo chumba cha kompyuta kina mashine kumi na bando la mwalimu mmoja, hilo ni jambo la kushukuru. Andikeni HTML (lugha inayopanga maudhui ya ukurasa) na CSS (inayopanga mwonekano wake) katika Notepad, programu ya maandishi iliyomo ndani ya Windows, hifadhini mafaili yote ndani ya folda moja, na mfungue kila ukurasa kwa kivinjari kilichomo katika kompyuta ileile. Faili la ukurasa wa mbele liitwe index.html, kwa sababu ndilo ambalo seva nyingi, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti na kuzituma kwa wasomaji, hulitafuta kwanza. Katika tagi ya html iliyo juu ya kila ukurasa wekeni lang="sw", ili programu zinazowasomea wasioona zitambue kwamba maandishi ni ya Kiswahili.

Majina ya mafaili yaandikwe kwa herufi ndogo tupu, bila nafasi. Somo hili tulilipata kwa machungu. Siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho tulipandisha tovuti ambayo kwenye kompyuta zetu ilikuwa haina dosari, na picha zote 14 zikapotea. Kamera ilikuwa imeziita kwa majina yanayoishia na JPG kwa herufi kubwa, nasi katika HTML tulikuwa tumeandika jpg kwa herufi ndogo. Windows huyahesabu majina hayo kuwa ni kitu kimoja, lakini seva inayotumia mfumo endeshi wa Linux huyaona kuwa mafaili mawili tofauti. Tulikesha tukibadilisha majina, huku umeme ukikatika mara mbili.

Picha zina kasoro nyingine, nayo ni uzito. Picha ya simu yenye megabaiti 4 ikipunguzwa upana hadi pikseli 1200 mara nyingi hushuka hadi chini ya kilobaiti 300, na kwenye skrini ya simu jicho halitaona tofauti. Picha kumi zisizopunguzwa ni megabaiti 40, na jaji anayelipia bando lake mwenyewe hatazisubiri. Msichukue picha kwa sababu tu imetokea kwenye Google, kwani ina mwenyewe. Pigeni zenu, au tumieni zile za Wikimedia Commons, hazina ya mtandaoni ya picha zenye leseni huria, mkitaja mpigapicha na leseni yake. Picha za wanafunzi zisiambatane na majina kamili, wala namba za simu zisionekane popote.

Kuhusu programu za akili mnemba, msimamo wangu ni mkali kidogo. Someni kwanza kanuni za mashindano yenu, na hata zikiruhusu, mwanafunzi asiweke mstari ambao hawezi kuueleza. Klabuni humwita mmoja wa timu, nikamwomba ahamishe menyu kutoka juu kwenda kushoto mbele yangu. Asiyeijua kazi yake hujulikana mapema.

Mwalimu afungue akaunti ya kuhifadhi tovuti. GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti hewani, ni bure na huruhusu tovuti ya hadi gigabaiti 1, lakini katika akaunti ya bure mafaili yote huonekana na kila mtu, kwa hiyo msiache humo rekodi za mahojiano ambazo hazikuombewa ruhusa. Pandisheni tovuti angalau wiki moja kabla ya siku ya mwisho, kisha ifungueni kwa simu ya bei nafuu ya mtu asiye wa timu, mkae kimya mkitazama kidole chake kinasita wapi. Kila kinaposita, rekebisheni hapo.

Mkishakamilisha, wekeni nakala mbili katika flashi mbili zinazotunzwa na watu wawili, mkizipitisha kwanza kwenye kompyuta yenye programu ya kuua virusi, na baada ya kutuma anwani ya tovuti, msiguse faili lolote mpaka matokeo yatoke.